Mpwa Wangu Kanichora Nimelala

Mpendwa mshauri,

Kwanza ujue kwamba mimi si mtu wa kuomba msaada, huwa naombwa mimi, hapa mtaani wakikwama jambo lolote, kuanzia pampu ya maji mpaka posa, utasikia wanaambizana nendeni kwa mjomba wa fotokopi, lakini hili la sasa limenikaa kooni halishuki wala halitoki, na mke wangu ndiye aliyesema, "Si umwandikie yule mama wa gazetini anayewasema watu, labda yeye utamsikia," basi nimekaa chini nimeandika, na jina langu naomba usilitoe maana najulikana mno, likitajwa tu kazi za watu zitasimama.

Mimi nina duka la fotokopi, linatazamana na geti la chuo, nina mashine mbili, moja inafanya kazi na nyingine ina heshima yake. Shule niliiacha darasa la saba kwa hiari yangu, mwalimu mkuu alikuja nyumbani kunibembeleza nirudi akaondoka analia, lakini karatasi nazijua kuliko hao waliozisomea, nikishika rimu iliyofunguliwa nakuambia kwa uzito tu zimetoka ngapi. Kuna msimu nilitoa nakala mfululizo mpaka mashine ikapata moto, jirani yangu muuza chai akaja na birika lake akaliweka juu ya kifuniko, likachemka, na waliokunywa chai ile walisema ina ladha ya mtihani. Huyo jirani yupo, kamuulize, ingawa atakataa kwa sababu ana wivu.

Sasa kuna mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, yuko kwangu tangu akiwa mdogo, dada na shemeji walipata kazi mbali wakaniachia, nimemlea pamoja na wangu wawili bila kubagua, leo yuko chuo cha sanaa mwaka wa mwisho. Mwalimu wao kawaambia kila mmoja atengeneze kijarida chake mwenyewe, kidogo, cha kukunja na kupiga pini katikati, kinachohusu maisha yake, michoro na maandishi ya mkono na vipande vya magazeti vya kubandika kwa gundi, halafu kitolewe nakala, ziwekwe mezani siku ya maonyesho watu wachukue wasome, na ambaye meza yake itakuwa tupu siku hiyo hamalizi chuo mwaka huu, ndivyo walivyoambiwa. Nikamuuliza, "Na chako kinahusu nini?" Akanijibu bila kuinua kichwa, huku anakata magazeti kwa makasi ya nguo ya mke wangu, "Kinahusu kwetu. Kinaitwa Nyumba ya Mjomba."

Mshauri, wewe ni mtu mzima, ungesikia hivyo ungeelewa nini?

Mimi nilielewa kwamba nimeandikwa. Nikamwambia kinyozi, kinyozi akawaambia vichwa vyote vilivyopita kwenye kiti chake, nikamwambia muuza nyama, nikawapigia simu mashemeji, nikasema maisha yangu yametungiwa kitabu na chuo kizima kitasimama kupiga makofi, njooni. Kinyozi akataka kunikamata, akauliza, "Kina kurasa ngapi?" Nikamwambia zilikuwa zinafika mia nne ila wamezipunguza kwanza wasomaji wasichoke. Wote wanakuja. Muuza nyama ameshanunua shati.

Basi asubuhi moja mtoto akaja dukani na bahasha, akanikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayempa mwenzake kichanga, akasema, "Mjomba, hizi ndizo zenyewe, sina nyingine. Zitoe kama zilivyo. Usinyooshe, usifute, usiongeze." Nikamwambia, "We mtoto, mimi nimechapa mitihani iliyolindwa na askari wenye mbwa." Akasema, "Ndiyo maana nakuambia mapema." Akaingia zake darasani.

Nikafungua. Ukurasa wa kwanza kachora bomba letu la uani lililofungwa kwa mpira wa baiskeli, chini yake kaandika, "Mjomba atalitengeneza Jumamosi." Nikacheka, nikasema anaanza kwa mbali, mashujaa huwa hawatokei mwanzoni. Nikaona redio yetu ambayo haisemi mpaka ipigwe kofi, kaichora na alama ya kiganja ubavuni. Nikaona dirisha tulilolizibia kalenda, kaandika tena, "Mjomba atalitengeneza Jumamosi," na Jumamosi yenyewe kwenye kalenda ile kaizungushia wino mwekundu. Bado nikawa navumilia. Kisha nikageuza karatasi nyingine, nikajikuta.

Nimelala. Mshauri, kanichora nimelala kwenye kiti cha mbao, mgongo nimeuegemeza kwenye mlango wa mbele, mdomo wazi kiasi cha kuhesabika magego, mguu mmoja una ndala na mwingine mtupu, na tumbo, sisemi amelikosea, ila si lazima kila kitu kichorwe. Chini yake kaandika maneno manne tu: "Mjomba wangu hulala popote."

Na huo mlango nikueleze ili usije ukasikia ya watu. Mlango wetu wa mbele ulikaa karibu mwaka mzima haufungiki, wasionipenda watakuambia niliuharibu mwenyewe, kwamba ulikuwa umevimba kidogo tu kwa mvua na mimi nikaupiga randa mpaka ukawa unapita ndani ya fremu yake bila kugusa popote, lakini ukweli ni kwamba randa ile ilikuwa kali kupita kiasi, ni ya zamani, hazitengenezwi tena. Kitasa kikawa hakifiki kwenye tundu lake. Na wakati huo mtaani palikuwa na wezi wa kuingia majumbani, watoto hawakuwa wakilala vizuri, huyu mpwa ndiye zaidi, basi nikawa nakaa pale mlangoni na kiti, sasa ungetaka nilale wapi, mpaka fundi seremala alipopata nafasi akatuwekea mlango mwingine. Hiyo nayo si hadithi, huko ni kukaa kwenye kiti tu. Mtu mwenye maisha kama yangu, mtu aliyewahi kuzuia basi lisirudi nyuma kwa bega lake hili la kushoto, unaachaje hayo yote unachora kiti?

Mchana nikaipeleka ile karatasi nyumbani, nikamwonyesha mke wangu, nikasema, "Tazama alichonifanyia mtoto uliyekuwa ukimtetea." Akaitazama. Akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. Nikasema, "Mimi nalala hivi?" Akasema, "Baba we, mtoto kakusitiri, hakuchora sauti." Nikatoka nyumbani sijala.

Nikarudi dukani na uamuzi wangu. Nikachukua karatasi safi ya kipimo kile kile na kalamu nene, nikaandika jambo lililotokea pale mlangoni, au ambalo lingetokea kama wale wezi wangefika kwetu, walivyokuja watano, mmoja wao mrefu kiasi kwamba alikuwa anainama kupita chini ya nyaya za umeme, akaingiza mguu, nikaudaka, nikamzungusha mara mbili hewani na mlango ukang'oka naye, na hao wengine wanne mpaka leo wanakimbia. Nikachora na picha mwenyewe. Ile karatasi ya mtoto ilikuwa na nusu mbili, nusu ya kulia ndiyo mimi nimelala, nusu ya kushoto kachora kiti kitupu na maneno chini kwa mwandiko mdogo kama wa daktari, hiyo sikujisumbua nayo, kiti kitupu si mimi. Nikaona nafasi ni kubwa na mwizi wangu ni mrefu, nikamlaza karatasi nzima, miguu nusu ya kulia, kichwa nusu ya kushoto. Nikaiweka yangu mahali pa yake, nikawasha mashine, nikatoa nakala, nikakunja, nikapiga pini, kazi safi, kingo zimelingana kama meno ya bandia.

Hapa ndipo naona haya, kama mtu wa karatasi. Kijarida cha kukunja, mshauri, karatasi ikiwa imelazwa wazi kurasa mbili zinakaa bega kwa bega kama mtu na mkewe, lakini ukishazipanga zote ukazikunja na kuzipiga pini katikati, wale wawili wanaachana, mmoja anakwenda mwanzoni na mwenzake anakwenda karibu na mwisho. Jambo hili nalijua kuliko ninavyolijua jina la mama mkwe wangu, nimekunja vijitabu vya kuweza kujaza lori, lakini siku ile nilikuwa na hasira na njaa. Matokeo yake, ukifungua kijarida mwanzoni unakuta mwizi ameingia miguu na kiuno, mimi nimemdaka, halafu inafuata redio, linafuata dirisha, anafuata paka wa jirani, na ukishamsahau kabisa, kichwa chake kinachomoza karibu na mwisho kinapiga kelele, "Nisamehe, mzee!" Nimeukalia mzigo mzima wa namna hiyo, umeshapigwa pini.

Jioni mtoto akaja. "Mjomba, tayari?" Nikamwambia mashine imeharibika. Akaitazama mashine, ilikuwa inanguruma. Akasema, "Hii hapa?" Nikasema, "Hiyo inanguruma kwa maumivu." Mshauri, huyu ni mtoto anayecheka kila ninachosema tangu akiwa hana meno, nilikuwa nikimwambia mwezi niliupaka rangi mimi anaangua kicheko, anaomba niongeze. Siku ile hakucheka. Akasimama kidogo pale kaunta, akasema, "Haya," akaenda. Na tangu siku hiyo kila akitoka darasani anapita mbele ya duka, haingii, ananitazama tu na mimi najifanya natafuta kifuniko cha kalamu. Mzigo niliuweka chini ya kaunta, nimeufunika gunia.

Kinachoniuma si kuchekwa na mtaa, kuchekwa nakujua, nacheka nao mambo yanaisha. Kinachoniuma ni kwamba mtoto kakaa nyumbani kwangu miaka yote hii, ananisikia nikisimulia kila jioni, na alipopata nafasi ya kunionyesha kwa watu akachagua nimelala. Hilo nikilifikiria hata mkono unakataa kupanga karatasi.

Kwa hiyo ushauri ninaoutaka ni mmoja tu, nimwambieje akubali ukurasa wangu bila kununa. Nimeshaufanyia marekebisho, mwizi nimempunguza urefu, sasa anaenea ukurasa mmoja. Nimekuwekea kwenye bahasha karatasi zote mbili uzitazame kwa haki, yangu ni nakala, ile yenyewe nimeifungia sandukuni isije ikapotelea posta, ya kwake ndiyo hiyo hiyo aliyonipa. Nijibu upesi, maonyesho ni mwisho wa mwezi na shati la muuza nyama limeshapigwa pasi.

Ni mimi, mjomba mwenye nyumba.

*

Mjomba mwenye nyumba,

Barua yako nimeisoma na wenzangu hapa ofisini wameisikia yote, kwa sababu nilikuwa nacheka kwa sauti wakataka kujua kuna nini. Halafu nikafungua bahasha ya ndani, nikanyamaza, wakadhani nimepata msiba.

Tuanze na la haraka. Mwenye mashine mbili za kutolea nakala ni wewe. Karatasi ya mtoto, ya pekee, aliyokukabidhi kwa mikono miwili akakuambia sina nyingine, umeitia posta. Ya kwako, yenye mwizi, ukaitolea nakala na kuifungia sandukuni. Tusi linalokutosha lipo, ila mhariri wangu hataliruhusu. Karatasi imefika nzima. Nimeiweka katikati ya majalada magumu na juu yake hakuna anayeruhusiwa kuweka kikombe. Namna ya kuipata nitakuambia mwishoni, maana nikikuambia sasa utaruka yaliyobaki, kuruka maandishi ndiyo tabia yako.

Nimezilaza zote mbili mezani, kwa haki kama ulivyotaka. Mwizi wako nimempenda. Ana mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake na uso wa mtu anayedaiwa kila duka. Ungekuja ukamsimulia sebuleni kwangu ningekuongezea chai. Hadithi zako ni tamu, usiache kuzisema, ila si za kuwekwa kwenye kazi ya mtu mwingine.

Sasa karatasi ya mpwa wako. Nusu ya kulia ni wewe, kama ulivyoeleza, mdomo, tumbo na ndala moja. Hapo uliishia. Nusu ya kushoto, ile uliyosema si wewe, kuna kiti kile kile na nyuma yake mlango mpya uliofungwa vizuri na kitasa chake. Kiti hakina mtu. Ukiinama kidogo utaona chini yake kuna ndala moja, ile iliyokosekana mguuni kwako upande wa pili. Na mwandiko wa daktari unasema hivi, nakunakilia kama ulivyo:

"Mlango wetu haukufungika karibu mwaka mzima. Nyumba za wengine zilifungwa kwa kitasa. Ya kwetu ilifungwa kwa mjomba. Nililala vizuri."

Nenda kanywe maji, kisha urudie kusoma. Nakungoja.

Umeniuliza kwa nini alichagua ukiwa umelala. Amekujibu, na jibu ulilishika mkononi, ukalipeleka nyumbani, ukagombana na mke wako kwa ajili yake, ukalirudisha dukani bila kulisoma. Na unajua vizuri kuliko mimi kurasa hizo mbili zinakwenda wapi zikikunjwa. Amezipanga kusudi. Msomaji akutane nawe mwanzoni, akucheke, apite kwenye redio na dirisha na paka, na karibu na mwisho aone aibu kwamba alikucheka. Wewe ulipouondoa ukurasa wa kuchekwa, ulijiondolea na huo mwingine. Mtu mzima, kwa mikono yake mwenyewe, na kingo ukazilinganisha!

Umenisimulia mwalimu mkuu aliyelia, mashine iliyochemsha chai, basi lililozuiwa kwa bega. Hayo umeyapa nafasi ya kutosha. Kuhusu kukesha na kusinzia mlangoni karibu mwaka mzima ili mtoto wa dada yako apate usingizi, umeniandikia kidogo tu, tena ukiwa unajitetea kuhusu randa. Yeye anazijua hadithi zako zote. Angetaka mwizi angemchora, na mwizi wake angeenea ukurasa mmoja tangu mwanzo.

Lakini usije ukadhani kosa lako ni kwamba hukujua unasifiwa. Hata kama nusu ya kushoto ingekuwa na matusi matupu, bado ungekuwa umekosea vile vile. Alikuambia usinyooshe, usifute, usiongeze. Hakukuambia upende. Kazi ni yake, nyumba ni yake pia, na unavyoonekana ukiwa umelala wanajua wao wanaokuona, si wewe uliyefumba macho. Na ile ya mashine kunguruma kwa maumivu ingekuwa mzaha mzuri siku nyingine yoyote. Siku ile ulimfanya mtoto asimame kaunta akijiuliza kama yule mjomba wa kwenye kiti alimwota.

Sasa fanya hivi, na ufanye leo. Gazeti hili likifika kwa kinyozi wako atakutambua kabla hajamaliza mstari wa tatu, jina liwepo lisiwepo, na mtoto asilisikie jambo hili kwenye kiti cha kunyolea.

Toa mzigo chini ya kaunta, ondoa gunia, mwite. Mwambie mashine haijaharibika. Mwambie ulibadilisha karatasi yake ukaweka yako. Mwambie ya kwake iko gazetini kwa sababu uliituma. Mpangilio ni huo, na katikati usipitishe mwizi hata mmoja. Atanyamaza. Mwache anyamaze, usimchekeshe. Akilia, mke wako yupo. Akikuuliza kwa nini, mwambie ile uliyoniambia mimi, kwamba iliuma kuonekana umelala. Hilo ni la kweli na anaweza kulibeba, ameshabeba makubwa kuliko hilo.

Karatasi yake iko mapokezi hapa ofisini. Mlinzi nimemwagiza asimpe mwanamume yeyote mwenye maelezo marefu. Atapewa yeye. Wewe utamsindikiza, utakaa kwenye benchi la nje na utamngoja. Kukaa na kungoja unakuweza, tumeshaona.

Mkirudi dukani, yeye ndiye atakayesimama kwenye mashine. Kazi yako ni kumpa karatasi na kumletea kiti. Vijarida vilivyoharibika usivitupe, karatasi nyingine zote ni nzima, kwa hiyo chomoa pini, toa hiyo moja, weka ya kwake iliyochapwa upya mbele na nyuma, kunja, piga pini tena. Pini utachomoa wewe, zote, na kama kucha zitauma usimtazame mtu usoni. Ukurasa wako wa mwizi kautundike dukani kwako juu ya ile mashine yenye heshima yake. Pale unafaa.

Na bomba ni Jumamosi hii. Mwite fundi. Wewe usiliguse, na ile randa ya zamani umpe mtu anayeishi mbali.

Siku ya maonyesho vaa viatu, vyote viwili. Simama kando ya meza, si mbele yake. Kinyozi atakifungua kijarida, atashangaa mia nne zimekwendaje, atafika pale, atacheka. Muuza nyama atacheka mpaka shati lichomoke. Mmoja wao atakugeukia akuulize, "Huyu aliyelala ni nani?"

Jibu, "Ni mimi." Halafu funga mdomo, uwaache wageuze kurasa zilizobaki.